Mianzi ya Bwana Afya

Hakuwa mvutaji, lakini kiberiti hakikumtoka mfukoni. Ukimwona Bwana Afya wetu anashuka kwenye baiskeli na kupapasa mfuko wa shati, ujue kuna kitu anataka kukiwasha ambacho mtu mwenye akili zake hawezi kufikiria kukiwasha. Mimi nimeona mambo katika maisha yangu. Nimevuka mto Songwe na gunia la chumvi kichwani, maji yakinifika kidevuni. Nimetolewa hai chini ya lori lililopinduka na mpunga wangu. Lakini siku nilipomwona mtu yule anawasha ardhi, ardhi hii hii tunayoikanyaga, nilirudi nyuma hatua tatu na ndala yangu moja ikabaki mbele.

Ilikuwa kwenye jalala la barabara ya Talatala, lile shimo la zamani walikokuwa wanachimba udongo wa matofali. Mji mzima ulimwaga taka pale, na mimi nilimwaga kuliko wote, maana mashine yangu ya kukoboa mpunga ilitoa pumba mchana kutwa. Asubuhi ile nimefika na mkokoteni wangu, nikamkuta amechutama katikati ya uchafu, suruali amekunja hadi magotini. Mbele yake amefudikiza chungu, vile vyungu vya akina mama wa Kikisi vinavyoletwa kutoka ufukweni mwa ziwa, kitako ametoboa tundu dogo. Pembeni amekizungushia tope ili kisivuje.

"Mwenye mashine," akaniita. Jina langu hakulitumia hata siku moja. "Hizi pumba zako zikifika hapa zinakwenda wapi?"

"Zinaoza, Bwana Afya. Zinakuwa udongo."

"Na kabla hazijawa udongo?"

"Si zinanuka tu?"

"Zinajamba," akasema, bila kucheka. Wanawake waliokuwa wanapita na ndizi wakaangua kicheko. "Chekeni, mama zangu. Mtu akila maharage akafungiwa mlango, nini kinatokea? Jalala limekula miaka mingi. Sogeeni nyuma kidogo."

Akawasha kijiti, akakisogeza kwenye lile tundu. Pu! Chungu kikaruka kidogo, kikakaa. Halafu ukasimama moto wa bluu, mwembamba kama kidole cha mtoto, unawaka bila kuni na bila mafuta. Mama mmoja alitua kapu lake chini taratibu, kama mtu anayetua maiti. "Kyala!" alimwita Mungu kwa Kinyakyusa.

Naandika habari za mtu huyu kwa sababu nadaiwa kuzisema, na si deni la fedha. Mkono wa kulia wa mke wangu, Mama Atu, haufungi vizuri mpaka leo. Ungekuwa unafunga kama ningesikia nilichoambiwa. Mimi si mtu wa kukiri makosa ovyo, wanaonijua watashangaa wakisoma hapa. Basi washangae. Mimi mwenyewe sijamaliza kushangaa.

Nijisemee kwanza kidogo, ili mjue alikuwa anapambana na mtu wa namna gani. Shule niliishia darasa la nne. Wakati wa ruksa ulipoingia, wenzangu wenye vyeti walikaa wanasubiri kuitwa kazini. Mimi nilishapiga safari hamsini za baiskeli mpakani. Kile ambacho jana kiliitwa magendo, leo kimekuwa biashara, na mimi nilikuwa nimeshakizoea. Nilikuwa miongoni mwa watu wa kwanza mjini Kyela kufungua belo la mitumba hadharani. Mashine ya kukoboa nilinunua kwa fedha taslimu. Nilikuwa naajiri vijana waliofika kidato cha nne, nao wananiita Mzee ingawa tulilingana umri. Sasa mtu kama huyo unamwambia nini? Aje mtumishi mwenye baiskeli ya serikali na shati lililopauka kwapani, amfundishe habari ya pumba?

Bwana Afya alikuwa na pua. Sijui niielezeje. Haikuwa kubwa, lakini ilifanya kazi kabla ya macho. Anaingia buchani, anasimama mlangoni, anasema, "Hii ya nyuma ni ya juzi," na mwenye bucha anaanza kujitetea kabla nyama haijageuzwa. Anapita uchochoroni na baiskeli, anafunga breki, anarudi nyuma, anagonga mlango: "Choo chenu kimejaa." Wenyewe hawajui bado. Watu walimwogopa, na walimcheka vilevile, maana kanisani kwenye kwaya aliimba sauti ya nne kwa nguvu zote huku akikosea, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Alikuwa mkali, halafu hapo hapo si mkali. Kulikuwa na mama anauza wali na maharage karibu na stendi, choo chake kiko hatua nne kutoka jikoni. Bwana Afya akamfungia. Mama akalia pale pale, amekaa kwenye kigoda. Kesho yake tukamwona Bwana Afya na jembe nyuma ya kile kibanda, jasho linamtoka, anachimba shimo jipya upande wa mbali. Alichimba siku tatu baada ya saa za kazi. Siku mama alipofungua tena, yeye ndiye alikuwa mteja wa kwanza, na alikuja na sahani yake mwenyewe, ameifunga kwa kitambaa.

Na hapo ndipo ulipo ugomvi wetu wa kwanza, mimi na yeye. Sahani yake, kikombe chake, maji yake. Alitembea na chupa ya maji aliyochemsha nyumbani kwake, imefungwa kwenye baiskeli kwa mpira. Kwa watu wengine alikuwa anakunywa akishaona jungu la kuchemshia. Kwangu, hapana. Miaka yote ile, hakuwahi kupokea kikombe cha maji nyumbani kwangu. Mama Atu anapiga goti, anampa maji kwa mikono miwili, "Karibu maji, baba," naye anashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mama, nimeshiba," anachomoa chupa yake na kunywa mbele yetu.

Kwa sisi watu wa huku, kukataa maji ya mtu ni neno zito. Ni kumwambia mwenye nyumba: wewe naogopa utanilisha kitu. Ni kumwita mchawi bila kufungua mdomo. Nilimchukia kwa hilo kuliko kwa faini zote alizonipiga.

Siku moja nikamuuliza wazi. "Bwana Afya, maji yangu yana nini?"

Akanyoosha mkono kuelekea barabara ya Talatala. "Nyumba yako iko chini. Jalala liko juu. Kisima chako kiko katikati. Ukimwaga maji kwenye chujio lenye majani, chini unapata nini?"

"Chai."

"Basi unakunywa chai ya mji mzima, mwenye mashine. Betri, mikojo, kuku waliokufa na pumba zako." Akaenda upande wa juu wa kiwanja changu, ambako mkondo wa jalala haufiki, kwenye kichuguu, akachomeka mwanzi wenye kitambaa chekundu. "Chimba hapa."

Sikuchimba. Kisima changu kilikuwa kitamu, nilikijengea kwa matofali ya kuchoma, na majirani walikuja kuomba maji kwangu. Nichimbe kingine kwa sababu ya mtu mmoja na chupa yake? Ule mwanzi ulibaki pale mpaka kitambaa kikawa cheupe.

Yeye hakukata tamaa. Alikwenda chini ya jalala, pale maji meusi yanapotokea. Maji yale ukiyaona hutayasahau: meusi kama chai ya rangi iliyokaa siku mbili, juu yana utando unaong'aa, na yananuka kitu kati ya siki na mzoga. Aliyaita mchuzi. Akachimba mtaro wa kuyakusanya kwenye shimo, akalikandika shimo hilo kwa udongo wa mfinyanzi alioagiza ufukweni, ule ule wa vyungu, akisema udongo wa kawaida unavuja. Upande wa juu akachimba mtaro mwingine wa kuzuia mvua isiingie kwenye taka, maana huku kwetu mvua ikianza haijui kunyamaza. "Kazi ni mbili tu," alipenda kusema. "Maji yasiingie, na mchuzi usitoke. Gesi itoke, na moto usiingie. Mkumbuke hivyo tu." Zilikuwa kazi nne, lakini yeye kuhesabu alikuwa hodari wa vyoo tu.

Mimi nikaona migomba iliyoota jirani na lile shimo lake. Haijapata kutokea. Majani mapana, mikungu mizito mpaka inaegemezwa kwa miti. Sisi tumekulia kwenye migomba. Maji meusi kwetu ni mbolea, ni neema. Nikachukua jembe, nikakata ule mfinyanzi, nikaelekeza mchuzi wote kwenye shamba langu. Mwaka ule nilipata ndizi za kuringia. Mwaka uliofuata majani yakaanza kuungua pembeni kama yaliyopitishwa motoni, mizizi ikawa laini kama ugali. Na kisima changu kitamu kikaanza kutoa maji ya rangi ya majani makavu. Mama Atu akanionyesha kwenye sufuria nyeupe. Nikamwambia ni kutu ya ndoo.

Bwana Afya alipoliona lile tobo hakunifokea. Alikaa chini kwenye ukingo, akavua kofia. "Unajua kwa nini watu hawaniamini?" akaniuliza. "Kwa sababu mzoga ukioza juu ya ardhi wanaona nzi. Ukioza chini hawaoni kitu. Taka hazifi, mwenye mashine. Tunazizika zikiwa hai." Halafu akaanza kuziba, peke yake, kwa mikono. Mimi nilimwangalia tu, nimeshika kiuno.

Baadaye jalala likajaa. Wakalifunika kwa udongo, majani yakaota, mji ukapata shimo lingine mbali. Na wakubwa wakaanza kugawa viwanja. Mimi sikulala. Kiwanja kile kilikuwa kando ya barabara, pana, tambarare, na bei yake ilikuwa ya kutupa. Wanunuzi binafsi wa kakao walikuwa wanaingia Kyela kila msimu. Mtu mwenye ghala kando ya barabara ndiye mfalme. Nikakichukua.

Bwana Afya akaja mbio, mnyororo wa baiskeli umekatika, anaisukuma. "Hapo usijenge. Hapo pana tumbo."

"Nimeshalipia."

"Basi usiweke sakafu."

"Kakao niiweke juu ya matope?"

Akanusa nusa. Naye aliniona sirudi nyuma. Akasema, "Kama lazima, tuache tumbo lipumue."

Hapo ndipo aliponishangaza kwa mara ya pili. Alikwenda milimani kwa lori la ndizi, akarudi na mianzi mikubwa, ile tuliyokuwa tunajengea nyumba zetu za zamani. Kazi yake aliifanya mwenyewe. Akaingiza nondo ndani ya kila mwanzi na kuvunja vifundo vyote, kimoja kimoja, mpaka ukawa bomba. Akachoma nondo nyingine motoni na kutoboa matundu ubavuni. Chini ya sakafu akachimba mitaro, akamwaga kokoto, akalaza mianzi, na ncha zake akazipandisha nje ya ukuta, kumi na mbili, zikasimama juu ya paa kama filimbi.

Fundi wangu alikuwa mtu wa Tanga, amekuja huku na biashara ya nazi akaishia kwenye saruji. Alikuwa anazunguka ile mianzi anatikisa kichwa. "Wallahi, Tajiri, nimejenga nyumba nyingi. Nyumba yenye pua kumi na mbili sijapata kuiona."

"Ndiyo utafute pua yako ya kumi na tatu," Bwana Afya akamjibu, "siku pua hizi zikizibwa."

Fundi akacheka. Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

Ghala langu lilikuwa zuri. Nasema bila aibu, Kyela nzima halikuwepo la namna ile. Lakini asubuhi za baridi, ukipita barabarani, ungeona juu ya ile mianzi hewa inatetemeka, na ukisimama karibu unasikia mlio mwembamba, kama mtu anapuliza chupa. Watu wakaanza. Kwetu huku kuna dawa ya utajiri, ndagu, na anayetuhumiwa nayo hana pa kujificha. Inasemwa huwa inadai mtu wa damu yako. Wakasema: ameizika ndagu chini ya ghala, na ile mianzi ndiyo anayoilishia. Wanasikia inapumua. Mtu aliyeanza na chumvi ya baiskeli, leo ana ghala, ametoa nini? Mkulima mmoja kutoka Ipyana alifika na kakao yake, akausikia ule mlio, akageuza mkokoteni. Akauza kwa mwingine kwa bei ndogo kuliko yangu.

Mama Atu alirudi kutoka kisimani analia. Wameacha kuja kuchota maji kwetu. Mmoja amemuuliza, "Mwenzetu, wanao wote wako salama?"

Mwanamume gani anavumilia hilo? Nikamwita Fundi. Tukakata mianzi yote sambamba na ardhi, tukashindilia saruji kwenye kila tundu, tukapiga lipu ukuta mzima hadi juu ya matundu hayo, na rangi nyeupe. Nikachinja ng'ombe, nikaalika watu waje waone kuwa ghala langu halina kitu. Walikula. Walicheza. Kakao ikarudi.

Bwana Afya alikuja kesho yake. Alizunguka jengo mara mbili, anapapasa lipu kwa kiganja, anatafuta. Alipoelewa, alinishika shati. Mtumishi wa serikali, mpole vile, alinishika shati mbele ya vibarua wangu. "Fungua! Fungua leo! Umemfunga mtu mdomo na pua!"

Nikautoa mkono wake shatini. Jioni nilikwenda kwa mkubwa mmoja niliyekuwa nampelekea mchele wa sikukuu. Nikasema Bwana Afya ananipiga mbele ya vibarua wangu. Sikusema zaidi, na haikuhitajika zaidi. Kabla ya mvua kuanza alikuwa amehamishiwa Katumba Songwe, mpakani, huko mto ukifurika watu wanakaa juu ya vitanda. Aliondoka na baiskeli yake, chupa imefungwa kwa mpira. Alipita mbele ya ghala. Mama Atu alikuwa mlangoni. Alimpungia mkono, na yeye akasimama, akamwambia kitu. Nilimuuliza mke wangu amesema nini.

"Amesema milango iwe wazi wakati wote. Na nikiumwa kichwa nitoke nje."

"Kichwa kinakuuma?"

"Nikikaa kwenye kile chumba cha mizani, ndiyo, Baba Atu."

Nikamwambia ni harufu ya kakao.

Tulifiwa Ipyana, katikati ya masika. Msiba wa watu wa kwetu hauondokwi haraka. Tulikaa siku nne, ghala limefungwa, mvua inapiga. Baadaye Bwana Afya alinieleza kuwa hata mvua ilikuwa adui: udongo ukilowa hauna tena mwanya, gesi haiwezi kutokea uani, inatafuta penye upenyo. Upenyo ulikuwa ufa mmoja kwenye sakafu ya chumba cha mizani, mwembamba kama uzi. Fundi alisema ni wa kawaida. Nami nilisema hivyo hivyo.

Tulirudi asubuhi, lori la mnunuzi linasubiri. Mama Atu akafungua chumba cha mizani. Dirisha sikulijenga, niliogopa wezi. Kulikuwa na panya wawili wamekufa katikati ya sakafu. "Umetega?" akaniuliza. Nikasema labda. Tukabeba gunia la mwisho kulishona humo ndani, maana uani kulikuwa na matope. Yeye alishika mdomo wa gunia, mimi nikashona. Ule uzi wa nailoni, ukimaliza, lazima uunguze ncha ili usifumuke. Nimefanya hivyo mara elfu. Nikasema, "Shika vizuri." Nikatoa kiberiti.

Sikusikia mlio. Watu wa barabarani walisikia, mpaka sokoni walisikia. Mimi niliona bluu tu. Rangi ile ile ya kwenye chungu, lakini safari hii ilikuwa chumba kizima, na mimi niko ndani yake. Nakumbuka niliitambua. Katika muda ule ambao jicho halifiki kupepesa, nilijua kabisa ni nini na nani aliniambia.

Nilijikuta uani, kifudifudi kwenye matope, bila nyusi. Mlango wa chuma ulikuwa upande wa pili wa barabara. Mabati yalifunuka. Mama Atu alitolewa na dereva wa lori na mtu mmoja aliyekuwa anapita, na alikuwa anatembea kwa miguu yake mwenyewe, mkono wa kulia ameunyoosha mbele kama anampa mtu kitu. Hakupiga kelele. Aliniangalia akasema, "Baba Atu, ardhi imewaka." Alisema kama anayeniuliza.

Nilitambaa kwenye matope kumfuata.

Na walikuwepo waliosema: si mliona? Ndagu imedai. Nilikaa kwenye benchi la hospitali nikisikia wananong'ona hivyo kwenye korido, na jambo la ajabu ni kwamba sikukasirika. Niliona wana haki nusu. Kitu nilichokizika chini ya ghala ndicho kilichomtaka mke wangu.

Jioni ile ile, sijui habari zilimfikaje, Bwana Afya aliingia mjini na baiskeli, amelowa mpaka kwenye kofia. Hakuja hospitali. Fundi ndiye aliyenisimulia. Alifika ghalani ambako watu wamejaa kutazama, wengine na sigara mdomoni, akapaza sauti ambayo hawakuijua: "Wote nje! Viberiti vyote pale juu ya jiwe!" Akaomba mtaimbo. Akavunja saruji kwenye ncha ya kila mwanzi, moja baada ya nyingine, kwa kukumbuka tu, maana lipu ilikuwa imezifuta zote. Fundi alijaribu kumpokea mtaimbo, akakataa. Alipofika wa kumi na mbili alikaa chini kwenye matope na kulia. Kisha akamuuliza Fundi, "Mama yu hai?" Alipoambiwa yu hai, alipanda baiskeli na kurudi mpakani usiku huo huo, maana alikuwa ameondoka kazini bila ruhusa.

Hakuniambia, "Nilikwambia." Si siku ile, wala baadaye. Mwaka mzima nilisubiri neno hilo. Nilikuwa nimeliandalia majibu.

Ghala sikulijenga tena. Pale sasa ni uwanja mtupu wenye mianzi kumi na mbili, nimeibadilisha mara mbili ilipooza, na kila mtu mjini anajua kuwa pale hapawashwi moto. Kisima nilikifukia kwa mikono yangu. Nilichimba kingine upande wa juu, kwenye kichuguu. Ule mwanzi wake ulikuwa bado umesimama, umepinda kidogo.

Alipostaafu alikaa Ipyana, kwenye kakao yake chache. Sikwenda. Mtu kama mimi kwenda kwa mtu kama yule, ungeanza na salamu gani? Ni yeye aliyekuja. Miaka mingi ilikuwa imepita, mimi nina mvi, naona mzee anasukuma baiskeli kuingia uani kwangu, mpira umefunga kitu nyuma. Chupa. Nikasimama.

"Ugonile, mwenye mashine," akanisalimia.

"Mugonile, baba," nikamwitikia. Nilikuwa sijawahi kumwita baba.

Alikuwa amekuja kumsalimia mama, akasema, si mimi. Wakakaa barazani wakazungumza habari za wajukuu. Aliuangalia ule mkono wa mama waziwazi, bila kuona haya, akauomba, akaukunja kidole kimoja kimoja kama alivyokuwa anapima vifundo vya mianzi. Kisha akageukia kwangu. "Pua yangu imekufa," akasema. "Tangu homa ile ya mwaka juzi. Nyumba inaweza kuungua, mimi nimekaa." Akacheka, na ndiyo mara ya kwanza nilipomsikia akicheka. Nilimtazama nisiamini. Ilikuwa kama kuambiwa mto Songwe umekauka.

Mama Atu alikwenda ndani. Nikajua anachokwenda kuleta, nikataka kumzuia, nikachelewa. Alirudi na kikombe, akapiga goti, amekishika kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia ameuweka chini yake kwa heshima, kama unavyoweza kukaa.

"Karibu maji, baba."

Mzee akatazama chupa yake kwenye baiskeli. Akatazama upande wa juu wa kiwanja, kwenye kile kichuguu, akaona kisima.

Akapokea kikombe. Akakisogeza puani, kwa mazoea, akasita. Halafu akamrudishia Mama Atu. "Ninusie," akasema.

Mama Atu akanusa, macho amefumba. Hakuharakisha. Mimi nilikuwa nimeshikilia nguzo ya baraza.

"Hayana kitu, baba."

Akakichukua tena, akanywa mpaka kikombe kikawa kimemfunika uso. Koo lake la kizee likapanda na kushuka. Alipomaliza alijifuta mdomo kwa mgongo wa kiganja na kuninyooshea mimi kikombe kitupu.

"Ndaga fijo, mwenye mashine," akasema. "Ongeza."